Ukipata tahadhari ya FRB, rudi nyuma kwanza

Msomaji anayesomea astronomia ametuuliza: tahadhari ya mlipuko mfupi wa redio (FRB) ikiingia, ana sekunde ngapi za kugeuza darubini yake ya mwanga? Swali zuri, ila limekaa kinyume. Kama mlipuko ulitoa mwanga au eksirei papo hapo, miali hiyo ilishampita kabla antena haijamaliza kupokea redio.

Sababu ni elektroni zilizotapakaa angani. Huyachelewesha mawimbi ya redio, na masafa yakishuka uchelewaji unazidi. Zidisha 4.15 kwa DM, yaani kipimo cha elektroni za njiani, kisha gawanya kwa kipeo cha pili cha masafa kwa gigahezi; jibu ni milisekunde. DM ikiwa 500, redio ya gigahezi 1.4 huja nyuma ya mwanga kwa sekunde 1.1. Kwenye megahezi 400, ukingo wa chini wa masafa ya CHIME, darubini ya redio kule Kanada, ni sekunde 13. Kwenye megahezi 150 ni dakika moja na nusu, na huyo mwenye antena za masafa ya chini ndiye anayeweza kuwahi kweli, maana mawimbi yake bado yako njiani.

Mwenye kamera apange namna ya kurudi nyuma. Picha za dakika tano zilizopita zikae kwenye kumbukumbu zikijifuta zenyewe, na tahadhari ikiingia kompyuta isimamishe ufutaji bila kungoja mtu aamke. Swift, setilaiti ya kunasa milipuko ya miali ya gama, ina mpango wa aina hiyo: amri hutumwa kutoka ardhini ili data ya kina ya kifaa chake cha BAT isitupwe. Njia tunayoipenda zaidi ni ya Afrika Kusini. MeerLICHT, darubini ya sentimita 65 iliyoko Sutherland, hutazama anga ileile inayotazamwa na MeerKAT, antena za redio kule Karoo, kwa hiyo hakuna wa kukimbizana naye.

Lakini angalia muda wa picha. Mmweko wa milisekunde moja ndani ya picha ya sekunde 60 unafifishwa mara 60,000, sawa na kupoteza magnitudi 12 (kipimo cha mng'ao; namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi): uliong'aa kwa magnitudi 8 utaonekana kama nyota hafifu ya 20. Ukipiga picha za milisekunde 10 unapoteza 2.5 tu, ingawa kelele za kamera zitakusumbua na diski zitajaa upesi.

Kosa la saa ni baya zaidi kwa kuwa halionekani kwa macho. Tahadhari moja huandika wakati wa kufika kwenye antena, nyingine wakati uliohamishiwa kitovu cha mfumo wa jua, na tofauti yaweza kupita dakika nane. Kila mara andika UTC (saa ya kimataifa), masafa ya rejeo, yaani yale ambayo wakati huo umehesabiwa kwayo, DM uliyotumia na mahali pa kipimo. Tarehe 28 Aprili 2020, magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) SGR 1935+2154 ilipolipuka, CHIME na antena za STARE2 zilinasa redio, na vyombo vya angani INTEGRAL na Konus-Wind vilinasa eksirei. Konus-Wind iko karibu kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, umbali ambao mwanga hutumia hadi sekunde 5. Bila kusahihisha hilo na ucheleweshaji wa elektroni, vilele vya redio na vya eksirei visingelingana.

Halafu subira, jamani. Baada ya FRB 150418, darubini za redio ziliona chanzo kikififia kwa siku sita, kikatangazwa mwaka 2016 kuwa mabaki ya mlipuko. Wengine walipoendelea kukipima, kiliwaka tena: kilikuwa kiini cha galaksi kinachobadilika-badilika chenyewe. Duara la makosa, yaani eneo la anga ambamo chanzo huenda kimo, likiwa pana, vyanzo vya namna hiyo havikosekani ndani yake. Tafuta picha za zamani za eneo hilo, kisha rudi kupima baada ya miezi.

Na usipoona kitu, toa ripoti vilevile: ulianza sekunde ngapi kabla au baada ya wakati uliosahihishwa, kila picha ilikuwa ya muda gani, ungeweza kuona hadi magnitudi ipi, na ulifunika sehemu gani ya duara.