Jersey Joe Walcott: bingwa wa uzito wa juu aliyekwama kwenye kuhesabu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama bondia wa uzito wa juu akishatundika glavu anaweza kuingia moja kwa moja kwenye urefa, maana ulingo anaujua. Pili, kwa nini Jersey Joe Walcott, mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, analaumiwa mpaka leo kwa pambano la pili la Muhammad Ali na Sonny Liston, ambalo yeye ndiye alikuwa refa. Jibu la swali la kwanza limo ndani ya la pili, kwa hiyo naanza na Walcott.

Jina lake la kuzaliwa ni Arnold Raymond Cream, mzaliwa wa New Jersey, Januari 31, 1914. Baba yake alitoka kisiwa cha Saint Thomas huko Karibi. Jina la ulingoni alilichukua kwa Joe Walcott wa Barbados, bingwa wa zamani wa uzito wa welta, akatanguliza "Jersey" kwa ajili ya jimbo lake. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1930 akiwa na miaka 16, na kwa miaka kama kumi na tano hazikumlipa chochote cha maana. Alikuwa na watoto sita wa kulisha, akawa anaacha masumbwi anakwenda kwenye vibarua, kisha anarudi kupigana bila maandalizi. Ukiona rekodi yake ina vipigo vingi vya miaka hiyo ya mwanzo, usimhukumu kwa hesabu tupu.

Mlango ulifunguka akiwa na miaka 33. Desemba 5, 1947, Madison Square Garden, alimdondosha Joe Louis, bingwa wa wakati ule, mara mbili, raundi ya 1 na ya 4, na bado akapoteza kwa pointi baada ya raundi 15. Wakati ule New York refa naye alikuwa na karatasi ya pointi, pamoja na majaji wawili. Refa Ruby Goldstein alimpa Walcott, majaji wote wawili wakampa Louis. Yaani mtu pekee aliyekuwa ndani ya kamba pamoja nao ndiye aliyeona Walcott kashinda. Juni 1948 wakarudiana, akamdondosha tena Louis raundi ya 3, lakini raundi ya 11 akapigwa nokauti.

Ezzard Charles, aliyekuja kuwa bingwa baada ya Louis, alimshinda Walcott kwa pointi mara mbili, 1949 na Machi 1951. Mara ya tatu, Julai 18, 1951, uwanja wa Forbes Field mjini Pittsburgh, raundi ya 7, ndipo alipomaliza kazi. Konde lile linafaa kutazamwa polepole. Walcott alikuwa na mwendo wake wa pekee: anatembea ulingoni kama mtu anayevuka barabara, mikono chini, mara nyingine anageuka kabisa kana kwamba anaondoka, halafu anarudi na ngumi. Safari hii alisogea hatua fupi tu mbele, bega la kulia limetulia, Charles akabaki anasubiri ngumi ya kulia. Ikaja ya kushoto, fupi, ya kuzungusha kutoka chini, ikatua kwenye taya. Charles alijaribu kuinuka akashindwa. Walcott akawa bingwa akiwa na miaka 37, mkubwa kuliko bingwa yeyote wa uzito wa juu kabla yake, na rekodi hiyo ilidumu mpaka Novemba 1994 George Foreman alipomtwanga Michael Moorer akiwa na miaka 45.

Juni 1952 alimshinda Charles tena kwa pointi, Philadelphia. Refa wa pambano lile alikuwa Zack Clayton, Mtu Mweusi wa kwanza kusimamia pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Likumbuke jina hilo, nitalirudia. Septemba mwaka huohuo Walcott alimdondosha Rocky Marciano raundi ya 1, akawa anaongoza kwa majaji wote, mpaka raundi ya 13 ngumi moja ya kulia ilipomzimisha akiwa kwenye kamba. Marudiano ya Mei 1953 yaliisha raundi ya 1, akastaafu.

Sasa tuje kwenye urefa. Kumpa bingwa mstaafu filimbi, tuseme hivyo, ni desturi ya zamani Marekani. James Jeffries alipoacha mkanda mwaka 1905, yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia pambano la Marvin Hart na Jack Root la kumpata mrithi wake. Jack Dempsey naye alisimamia mapambano mengi baada ya kustaafu. Promota anataka jina kwenye bango, na jina la bingwa linauza tiketi. Kasoro ya utaratibu huu ni kwamba mtu anapewa kazi kwa sifa ya kazi nyingine.

Mei 25, 1965, Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine. Pambano la pili la Ali na Liston lilihamishiwa huko baada ya kukwama Boston, na ukumbini waliingia watu 2,434 tu. Refa ni Walcott, umri miaka 51. Liston alianguka kwenye dakika ya 1 na sekunde 44 za raundi ya kwanza. Ali hakwenda kona nyeupe (zile kona mbili zisizo za bondia yeyote). Alisimama juu ya Liston akimpigia kelele ainuke, kisha akazunguka ulingo mikono juu. Walcott akaanza kumfukuza Ali. Hapo mgongo wake ukawa kwa aliyeanguka, na masikio yake yakawa mbali na mtunza muda, Francis McDonough, ambaye alikuwa anahesabu kando ya ulingo bila kipaza sauti. Liston alijaribu kuinuka, akaanguka tena, akasimama kwenye dakika ya 1 na sekunde 56. Walcott alimfuta glavu, kisha akawaacha mabondia wote wawili katikati ya ulingo akaenda kamba za upande wa mtunza muda, ambako McDonough na mwandishi Nat Fleischer walikuwa wanapunga mikono kwamba Liston ameshahesabiwa. Nyuma yake wale wawili wakaanza kupigana tena. Akarudi mbio akawatenganisha, pambano likaisha kwenye dakika ya 2 na sekunde 12. Ukumbini lakini lilitangazwa limeisha dakika 1 kamili.

Watu wengi wanasema kosa lake ni kutohesabu. Mimi naona hilo ni la pili. Kosa kubwa ni kuwageuzia mgongo mabondia wawili walio huru kupigana. Refa asiyesikia namba anaweza kurekebishwa, ila bondia aliyetoka kuanguka sekunde chache zilizopita akipigwa huku refa anaongea na watu nje ya kamba, anaweza kufa. Na Fleischer hakuwa na mamlaka yoyote pale. Mtunza muda anahesabu ili refa aipokee hesabu. Nokauti inatamkwa na refa, na bila yeye kutamka kumi hakuna aliyehesabiwa.

Utaratibu wa kuhesabu bondia anapoangushwa unaeleweka vizuri ukijua ulikotoka. Septemba 22, 1927, Chicago, Dempsey alimwangusha Gene Tunney raundi ya 7 akabaki amesimama karibu naye. Refa Dave Barry alikataa kuhesabu mpaka Dempsey aende kona. Mtunza muda alikuwa ameshafika tano, Barry akaanza na moja. Tunney aliinuka kwa tisa ya Barry na akashinda pambano kwa pointi. Wanaomlaumu Barry husahau kwamba alifanya jambo moja sahihi kabisa: alimwamuru Dempsey aende kona, akasubiri. Hakumkimbiza Dempsey.

Kwa sasa hatua ni hizi. Bondia akipigwa akagusa turubai kwa chochote kisichokuwa nyayo, mtunza muda anaanza kuhesabu palepale. Refa anaingia kati, anamwonyesha aliyeangusha kona nyeupe ya mbali, na anajiweka mahali anapowaona wote wawili bila kugeuza kichwa. Kisha anaipokea namba ilipofika: mtunza muda akiwa kwenye tatu, refa anaendelea na nne kwa sauti. Kurudi kwenye moja ni kumzawadia aliyeanguka sekunde tatu. Anahesabu kwa vidole mbele ya macho ya aliyeanguka, maana kelele za ukumbi humeza sauti. Aliye konani akitoka, hesabu inasimama kwenye namba ileile, anarudishwa, hesabu inaendelea kutoka hapo. Hata aliyeanguka akisimama kwa nne, inakwenda mpaka nane. Kwenye nane refa anaangalia macho, anamwambia atembee hatua mbili tatu kuja kwake, anafuta glavu kwenye shati lake kuondoa uchafu wa turubai, ndipo anaruhusu. Macho yakiwa yanaelea au miguu inapishana, anasimamisha, hata kama bondia anasema yuko sawa. Wote husema wako sawa.

Kwa nini mstaafu wa ulingo huanguka hapa? Kwa sababu ya macho yake. Miaka ishirini amejifunza kumtazama mtu aliyesimama, kwa kuwa huyo ndiye anayeweza kumdhuru. Aliyeanguka kwake ni kazi iliyokwisha. Refa anahitaji kinyume chake. Pia bondia amezoea kusogea kila mwenzake anaposogea, wakati refa akifuata mwendo wa mtu mmoja anaharibu pembetatu: yeye na mabondia wawili wanapaswa kuwa pembe tatu, umbali wa kumfikia yeyote kwa hatua moja. Faida anayokuja nayo ni ya kweli lakini ni finyu. Mwili wake unaweza kutenganisha watu wawili wa kilo mia walioshikana, na anamjua bondia aliyekwisha kabla jaji hajamwona: namna anavyovuta pumzi kwa mdomo, mkono wa mbele unavyorudi chini badala ya kurudi kidevuni.

Clayton niliyemtaja alitokea kwenye mpira wa kikapu. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, Ali yuleyule alimwangusha Foreman raundi ya 8. Safari hii Ali alikaa mbali, Clayton alihesabu mpaka mwisho akiwa na Foreman mbele yake, akapunga mikono. Foreman alilalamikia hesabu, ila hakuna aliyesema refa hakuwepo.

Walcott hakupewa tena pambano kubwa baada ya Lewiston, lakini si kweli kwamba maisha yake yaliishia pale. Mwaka 1971 alichaguliwa sherifu wa kaunti ya Camden, Mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo, na kuanzia 1975 mpaka 1984 alikuwa mwenyekiti wa kamisheni inayosimamia ngumi New Jersey. Alifariki Februari 25, 1994.

Kwa hiyo huyo bondia wenu akitaka urefa, apite kozi ya chama kama mtu mgeni kabisa, na aanze na mapambano ya ridhaa ya raundi tatu. Mazoezi ya kwanza yawe ya kuhesabu tu: mtu analala chini, mwingine anakataa kwenda kona, wa tatu anahesabu kando, na ukumbi upigwe muziki mkubwa. Rudieni mpaka aweze kuipokea namba bila kumgeuzia mgongo aliye chini. Kabla ya kila pambano amfuate mtunza muda mezani, wakubaliane atapiga ubao wa ulingo kwa kiganja kwenye kila namba na kuinua vidole. Kiti cha mtunza muda kikiwa nyuma ya nguzo ya kona, kihamishwe kabla kengele haijalia.