Bima wamekataa kumfanyia mtoto upasuaji wa sikio, nifanyeje?

SWALI

Shikamoo mama. Mi niko Des Moines, Iowa, tulifika Marekani 2019 tukitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka miwili na miezi minne. Miezi miwili iliyopita alilazwa na homa ya uti wa mgongo, Mungu akamponya, lakini tulivorudi nyumbani nikaona haitiki. Nikimwita haangalii, mlango ukibamizwa hashtuki, hata yale maneno aliyokuwa ameanza kusema, "maji" na "dada", ameyaacha. Wamempima akiwa amelala wakasema masikio yote mawili hayasikii kabisa. Daktari anataka awekewe ile mashine ya ndani ya sikio haraka. Bima yetu ni ya kazini kwa mume wangu, kiwanda cha nyama. Juzi imekuja barua, binti yangu wa miaka 11 ndo katusomea, anasema wamekataa kwa sababu mbili: vifaa vya kusikia havimo kwenye bima yetu, na pili mtoto hajajaribu kwanza kuvaa vile vya kawaida kwa miezi mitatu. Mume wangu kakata tamaa anasema bima ikisema hapana basi. Mama mkwe anapiga simu kila siku nimrudishe mtoto Tanzania, kasikia Muhimbili wanafanya. Na kanisani wananiambia nisubiri, mtoto ni mdogo masikio yatafunguka. Nishike lipi?

*Mama wa watoto wanne, Des Moines*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu na pale uliposema kaacha kusema "dada" nimeumia kweli. Mi nimefanya ukalimani wa Kiswahili hospitalini miaka mingi, barua za namna hiyo nimezisoma nyingi, kwa hiyo nisikilize vizuri: usisubiri. Hao wa kanisani wanakupenda lakini kwa hili wanakosea.

Nikueleze kwa nini. Ndani ya sikio, ndani kabisa kwenye mfupa, kuna kitu kinaitwa koklea, kimejikunja kama konokono na ukubwa wake kama punje ya njegere. Ile mashine, kwa Kiingereza "cochlear implant", ina uzi mwembamba unaoingizwa humo ndani ya konokono ndo unaupelekea mshipa wa usikivu umeme badala ya sauti. Sasa mtoto akiwa kiziwi kwa sababu nyingine unaweza kukaa ukapanga mambo yako, lakini aliyeziwika kwa uti wa mgongo ni tofauti, manake ule ugonjwa unaacha kovu mule ndani na kovu linaweza kugeuka mfupa, na huo mfupa unaweza kuanza kujaa ndani ya wiki chache au miezi. Ikishaziba uzi hauingii, au unaingia nusu. Ndo maana daktari wako kasema haraka, na ndo maana kwa watoto wa uti wa mgongo madaktari wengi wanapenda kuweka masikio yote mawili kwa mara moja. Kuna familia niliwahi kuwatafsiria, barua yao ya kukataliwa ilikaa juu ya friji miezi minne kwa sababu baba alidhani hapana ya bima ni kama hukumu ya mahakama. Walipokuja kupiga picha tena sikio moja lilikuwa limeshaanza kuziba. Mpaka leo naikumbuka ile friji.

Kwa hiyo mwambie mzee wa nyumba kwamba kwa bima ya Marekani barua ya kwanza ya kukataa ni mwanzo wa mazungumzo. Mna haki ya kukata rufaa na mna siku 180 tangu mlipopokea barua, ila nyinyi msitumie hata kumi.

Tuanze na sababu ya kwanza waliyowapa, hii ndo inaniudhi kuliko zote kwa sababu nimeiona mara nyingi mno. Bima nyingi kweli hazilipii shimesikio, yaani kile kifaa kinachovaliwa nyuma ya sikio kukuza sauti, kwa Kiingereza "hearing aid". Lakini mashine ya kupandikiza sio shimesikio! Ni kiungo bandia, iko kundi moja na mguu wa bandia, Kiingereza wanaita "prosthetic". Hata Medicare, bima ya wazee ya serikali kuu, ambayo sheria yake inakataza kulipia shimesikio, hii ya kupandikiza inailipia tangu miaka ya themanini kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni kiungo bandia. Sasa mtu wa bima anakaa na makaratasi mengi, anaona neno kusikia, anapiga muhuri hapana. Chukueni kile kitabu cha bima (kama hamna mwombeni HR, yaani ofisi ya wafanyakazi kule kiwandani, ni lazima wawape) mtafute ukurasa wa "prosthetic" muone pameandikwa nini, halafu ule ukurasa upigeni picha uingie kwenye rufaa. Na mkipiga simu ulizeni kwa namba, manake namba hazichanganyi mtu: upasuaji wenyewe ni 69930, na mashine ni L8614. Muulize huyo dada wa simu hizi namba mbili zinalipiwa au hazilipiwi kwenye mpango wetu, na uandike jina lake, tarehe, saa na alichosema. Daftari moja la mambo ya bima tu, lisitumike kwa hesabu za watoto.

Sababu ya pili, ya kuvaa shimesikio miezi mitatu kwanza. Hiyo sharti ipo kweli kwenye bima nyingi na kwa watoto wengine ina maana yake, unajaribu njia nyepesi kabla ya kisu. Lakini kwa uti wa mgongo wataalamu wanairuka, na bima nyingi kwenye vitabu vyao wenyewe wameandika kwamba kama kuna dalili koklea inageuka mfupa hiyo miezi haihesabiwi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni barua ya daktari, na barua yenyewe isiwe ile ya mistari minne. Iseme tarehe mtoto aliyougua, majibu ya kipimo cha usingizini, picha za CT na MRI zinaonyesha nini, kwa nini kusubiri miezi mitatu kutamharibia nafasi, na kwa nini anaomba masikio mawili, kwa sababu msipoomba mawili watawapa moja halafu mnaanza upya kuhangaikia la pili. Pia wekeni kadi ya chanjo, hasa ya pneumococcus, yaani kijidudu kimoja kinacholeta uti wa mgongo, mtoto anayewekewa hii mashine anatakiwa awe nayo kwa vile hatari ya uti wa mgongo kwake inakuwa kubwa kidogo kuliko watoto wengine, na bima wakikosa hiyo kadi wanapata kisingizio kingine.

Halafu hapa ndo pa muhimu kabisa mwanangu. Rufaa ya kawaida kwa matibabu ambayo hayajafanyika wanaweza kukaa nayo siku 30. Ila kuna rufaa ya haraka, "expedited appeal", hiyo wanatakiwa wajibu ndani ya saa 72. Na sheria inasema daktari anayemjua mgonjwa akishatamka kwamba jambo ni la dharura, bima ya kazini ni lazima ilichukulie hivyo, hawana ruhusa ya kubisha eti hamna haraka. Inaweza kuombwa hata kwa simu. Tena kwa jambo la haraka mnaweza kuomba siku hiyohiyo na rufaa ya nje, yaani wakaguzi ambao sio watu wa ile bima ndo waamue, na wakaguzi wakisema ilipwe bima inalipa. Kesho asubuhi piga simu kliniki ya daktari wa masikio, uliza nani anashughulika na vibali vya bima (karibu kila kliniki inayofanya upasuaji huu inaye mtu wa kazi hiyo), mwambie naomba rufaa ya haraka, na naomba daktari aongee mwenyewe na daktari wa bima kwa simu. Hayo maongezi ya daktari kwa daktari yanaweza kumaliza ubishi kwa dakika kumi na tano, kwa sababu aliyepiga muhuri wa kwanza huenda hata hajawahi kuona koklea iliyoziba.

Sasa kuhusu binti yako. Mtoto wa miaka 11 asisome tena hizi barua na asitafsiri kwa daktari. Najua ni mwepesi na anawasaidia, lakini hospitali inayopokea pesa za serikali inatakiwa iwape mkalimani bure, na kumtumia mtoto mdogo hairuhusiwi isipokuwa dharura ya papo hapo. Sema tu "Swahili interpreter" ukishapokelewa simu halafu nyamaza usubiri, hata ikichukua dakika kumi. Na sio sheria tu. Huyo binti ndo alowaambia wazazi wake kwamba mdogo wake kakataliwa, fikiria uzito alobeba.

Kitu kingine, kampuni kubwa nyingi huku zinalipia matibabu ya wafanyakazi kwa pesa zao zenyewe, ile kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye kadi inashughulika na makaratasi tu. Mumeo aende HR aulize swali moja: mpango wetu ni "self-funded"? Wakisema ndio, basi mwenye pesa ni mwajiri, na mwajiri anaweza kuamua kulipa hata pale kitabu kinaposema hapana, nimeona ikitokea. Aende na picha ya mtoto na barua ya daktari, aende na msimamizi wake kama wanaelewana. Mpango wa namna hiyo ukiwasumbua mnalalamika Wizara ya Kazi ya serikali kuu, na kama sio wa namna hiyo ni ofisi ya bima ya jimbo la Iowa. Na kama kipato chenu ni kidogo mwombeeni mtoto Medicaid pia, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, anaweza kuwa na bima mbili, na kwa watoto chini ya miaka 21 Medicaid inatakiwa na sheria igharamie matibabu yanayohitajika kwa ajili ya tatizo la mtoto, hata yale ambayo kwa watu wazima hawalipii.

Mama mkwe mwambie shikamoo na kwamba kasikia sawa, Muhimbili wanafanya kweli, walianza 2017, kabla ya hapo watoto wa Tanzania walikuwa wanapelekwa India. Ni jambo la kujivunia. Lakini kupasua ni siku moja tu. Baada ya wiki kama tatu au nne ndo mashine inawashwa, kisha kuna kurudi na kurudi kurekebishiwa sauti, na mazoezi ya kusikia na kusema kwa miaka. Mtoto anayeishi Iowa anataka watu wa Iowa. Na akiwa chini ya miaka mitatu kuna huduma za nyumbani za jimbo kwa watoto wenye ulemavu, mtu anakuja sebuleni kwenu, ombeni sasa hivi msisubiri upasuaji. Wakati huo anzeni na ishara za mikono, maji, chakula, njoo, dada. Kuna watakaowaambia ishara zitamfanya asiseme, msiwasikilize, mtoto asiye na lugha yoyote hata mwezi mmoja ni hasara.

Na akishawekewa jiandaeni: kile kidude cha nje kinashikwa kichwani kwa sumaku, na watoto wa umri wake wanagundua haraka kwamba kinanata pia kwenye mlango wa friji, kwenye kiti cha gari, kwenye sufuria. Mteja wangu mmoja alikitafuta saa nzima kikakutwa kimejibandika chini ya meza ya chuma. Ulizeni dhamana ya kupotea kabla hamjatoka kliniki, watengenezaji wengi wanabadilisha mara moja bure kikipotea, na kifunge na kamba yake kwenye nguo kuanzia siku ya kwanza.

Nitumie habari rufaa ikijibiwa. Nakuombea.

SWALI

Habari dada. Baba yangu ana miaka 71, ana green card miaka nane, ana Medicare. Hasikii kabisa sikio la kulia na la kushoto kidogo sana, shimesikio hazimsaidii tena. Hiyo mashine Medicare watamlipia au ni ya watoto tu?

*Kaka wa Minneapolis*

JIBU

Nzuri kaka. Sio ya watoto tu, na Septemba 2022 Medicare walilegeza masharti. Zamani mgonjwa alitakiwa apate asilimia 40 au chini kwenye kipimo cha kurudia sentensi akiwa na shimesikio zilizofungwa vizuri, siku hizi ni 60 au chini, kwa hiyo kama mzee aliwahi kukataliwa kabla ya hapo mrudishe akapimwe upya. Sehemu B ya Medicare ("Part B", inayolipia madaktari na vifaa) inalipa asilimia 80 baada ya kile kiasi cha mwaka mnachoanza kutoa wenyewe, ile 20 inayobaki ulizeni mapema kama ana bima ya nyongeza au Medicaid, sio hela ndogo.

Ila nikutahadharishe kitu. Sentensi za hicho kipimo ni za Kiingereza. Kama mzee Kiingereza chake ni cha dukani, watampima Kiingereza badala ya masikio na majibu yatakuwa hayaeleweki, tena bima wanaweza kuyahoji. Ukipanga tarehe waambie kabisa lugha yake ni Kiswahili, waandike kwenye faili, mtaalamu aamue vipimo gani vinamfaa, na mkalimani awepo chumbani mwenyewe sio kwa simu, manake mzee hasikii, simu ya spika itamsaidia nini. Nilikaa na mzee mmoja namna hiyo, kila swali anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima, hajasikia hata moja. Keti mbele yake, taa ikumulike wewe usoni, na umwache amalize kabla hujajibu kwa niaba yake.