Sita Imegoma Kutoka: Maswali Yenu Kuhusu Ludo na Ndugu Zake

Swali: Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa kitinda mimba. Kila tukicheza ludo, wenzangu wanazunguka ubao mzima huku kete zangu zote nne zimelala ndani. Sasa yamempata mwanangu wa miaka 6, analia mpaka anapindua ubao. Ni mkosi wa kurithi? *Mama wa watatu, Tanga*

Jibu: Hakuna mkosi hapo, ni hesabu tu. Kete hutoka kwa sita. Kila ukirusha dadu, nafasi ya kupata sita ni moja kati ya sita, na dadu haikumbuki kwamba ulishakosa. Mtu akirusha mara 10, uwezekano wa kutoiona sita hata mara moja ni kama asilimia 16. Wakiwa wachezaji wanne, karibu nusu ya michezo yote itakuwa na angalau mmoja aliyekaa ndani raundi 10 au zaidi. Kwa hiyo kuna mtoto atakayelia, suala ni nani.

Dawa iko kwenye kanuni. Kule Ujerumani, kwenye mchezo wa jamii hii uliobuniwa na Josef Friedrich Schmidt mwanzoni mwa karne ya 20, mchezaji asiye na kete ya kusogeza uwanjani hurusha mara tatu kwa zamu. Nafasi yake ya kutoka inapanda hadi asilimia 42 kila zamu. Wengine huruhusu kutoka kwa sita au kwa moja. Kwa mtoto wa miaka 6 sisi tunapendelea njia rahisi kuliko zote: kila mchezaji aanze na kete moja ikiwa tayari nje. Ikiliwa, ndipo kanuni ya mara tatu inapoanza kazi. Kubalianeni kabla ya kurusha, maana kanuni ikibadilishwa katikati ya mchezo huwa inamfaa mkubwa.

Swali: Watoto wanaanza ludo baada ya chakula cha mchana, adhana ya magharibi inawakuta hapohapo. Wanacheza vibaya? *Baba, Morogoro*

Jibu: Hapana, ubao ndio mrefu. Kete ikishatoka ina hatua 56 hadi kuingia katikati. Kete nne ni hatua 224. Dadu kwa wastani inatoa 3.5, kwa hiyo kila mchezaji anahitaji mirusho kama 64, na wakiwa wanne ni zaidi ya 250 hadi wote wamalize, hapo bado hakuna aliyeliwa. Kete ikiliwa baada ya hatua 40, mwenyewe amepoteza mirusho 11 au 12, pamoja na muda wa kusubiri sita upya. Nyumba zenye kanuni ya “kula ni lazima” ndizo zinazokesha.

Wapunguzieni kete, ziwe mbili kwa kila mmoja. Muda unashuka karibu nusu na ladha ya kuliana inabaki.

Mahali pengine wanapokwama ni mlangoni, pale panapotakiwa namba kamili. Mtoto aliyebakiza hatua moja hujiona ameshafika, kumbe hajamzidi sana aliyebakiza sita: ikiwa ni kete yake ya mwisho, kila mrusho una namba moja tu inayomwingiza. Mwenye kete nyingine uwanjani asitie haraka ya kuzipeleka zote mlangoni. Abakize moja nyuma ya kutumia namba zisizofaa.

Swali: Je, nyoka na ngazi nako kuna mbinu? *Mwanafunzi, Mombasa*

Jibu: Hakuna hata moja. Hakuna uamuzi wowote unaoufanya, unasogea tu ulipoambiwa na dadu. Ndiyo maana mtoto wa miaka 4 anaweza kumfunga babu yake kihalali, na ni mchezo mzuri kuanzia kwa mtoto asiyejua kushindwa.

Swali: Kaka yangu ana dadu yake maalumu, hataki nyingine. Nitajuaje kama ni halali? *Mdogo mtu, Dodoma*

Jibu: Kwanza itazame. Pande zinazopeana mgongo zinatakiwa kujumlishwa saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Kisha chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, tia chumvi kijiko kimoja cha chakula, koroga, itumbukize. Ikizama, ongeza kijiko kingine. Dadu nyingi za plastiki huelea kabla ya kijiko cha sita. Ikielea, isukume izame kwa kidole na uiache ipande, rudia mara kumi hivi. Ikiibuka na uso uleule juu kila mara, upande wa chini ni mzito, mara nyingi kwa sababu ya kiputo cha hewa kilichobaki kiwandani, si lazima kaka awe ameichezea.

Isipoelea kabisa, irushe mara 120 na uandike. Kila uso unategemewa kama mara 20. Uso uliozidi 30 unatia shaka. Rudia, na ukizidi tena, tupa dadu. Na ikitoka safi, angalia mkono wake: arushie ndani ya kikombe. Wengi huweka dadu kiganjani na kuitelezesha badala ya kuirusha.

Swali: Ubao wetu umechanika. Tunaweza kuchora wenyewe? *Dada mkubwa, Kigoma*

Jibu: Chukueni boksi gumu, mkate mraba wa sentimita 45, mchore vyumba 15 kwa 15, kila kimoja sentimita 3. Pembe nne ni vyumba 6 kwa 6, ndizo nyumba. Katikati ni 3 kwa 3. Inabaki mikono minne, kila mmoja na vyumba 18. Katika mstari wa kati wa kila mkono, pakeni rangi vyumba vitano vya ndani, cha nje kiacheni cheupe kwa sababu ni cha njia. Hesabuni njia yote: lazima iwe vyumba 52. Mkipata 48, mmepaka vyumba sita badala ya vitano, na hilo ndilo kosa la kila mara. Mkizunguka kwa mwendo wa saa, chumba cha kutokea kiko mstari wa kushoto wa mkono ulio mbele yako, cha pili kutoka ukingoni. Kete ni vizibo vya soda, rangi nne.

Swali: Kwetu Monopoly haijawahi kuisha, tunalala tu. *Familia, Nairobi*

Jibu: Someni kijitabu kilichomo kwenye boksi. Faini na kodi zinakwenda benki, haziwekwi katikati ya ubao kumsubiri atakayetua kwenye maegesho ya bure; pesa hizo zinamfufua aliyekaribia kufilisika. La pili, mtu akikataa kununua kiwanja alichotua, kinapigwa mnada palepale, na yeye mwenyewe anaruhusiwa kutaja bei. Familia nyingi huruka mnada, viwanja vinakaa bila mwenyewe, hakuna anayekamilisha viwanja vya rangi moja. Na nyumba ni 32 tu: zikiisha, msitumie vibiriti kuziongeza.