Nilivyodanganywa na kuota nikilitafuta joto

Kwa muda mrefu nilikuwa na nadharia yangu kuhusu kuota. Mtu akiota moto mwili hulegea, usingizi humchukua, na hapo huanza kuota ndoto. Basi, nikasema, kitenzi ni kimoja. Niliwahi hata kuitoa mbele ya watu, nao wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa tamu, na haikuwa kweli.

Nilikuwa nikitafuta asili ya joto. Nawe kama una nomino unayoichimba, jaribu kwanza kukitafuta kitenzi kilichojificha ndani yake. Vua ji- katika joto, vua m- katika moto: kinachobaki ni -oto, na nyuma yake kuna kule kuota tunakokusikia katika kuota moto na kuota jua. Kwa hiyo joto na moto ni ndugu wa damu, watoto wa kitenzi cha Kibantu kinachohusu mwili kujipasha. Hawakugawana urithi vizuri, maana maji ya moto hayana hata cheche ndani yake, na mchezaji wa moto hamchomi mtu.

Kilichoniumbua ni majirani. Kujipasha kwenye moto, Waganda husema kwota, Wazulu ukotha. Lakini kuota usingizini, Mganda husema kuloota. Ile l ndiyo iliyoniangusha. Kiswahili kimeimeza katika kitenzi, ila nyayo zake zimebaki katika ndoto, kwa kanuni ile ile inayoufanya ulimi uwe ndimi. Ni vitenzi viwili vilivyokuja kufanana sura njiani. Siku hizi sithubutu kutangaza undugu wa maneno kabla sijabisha hodi angalau kwenye lugha mbili za Kibantu.

Wala si kila neno la ukoo huu wa maana limezaliwa humo. Hari na harara ni za Kiarabu, na harara imefika mbali zaidi: ni joto, ni vipele vya joto, ni hasira za karibu. Halijoto ni hali na joto vilivyounganishwa ili vipimo vipate jina. Vuguvugu nalo usilipime kwa kamusi tu, lisome katika sentensi, kwa sababu maji ya vuguvugu yamepoa nusu, ilhali vuguvugu la mabadiliko ndiyo kwanza linapanda.