Yangeyange anatoka mweupe pe

Maji ndiyo yanayoidanganya kamera yako. Umesema ukiwapiga picha yangeyange, wale ndege weupe, wanatoka weupe pe, hata unyoya hauonekani: kamera imepima yale maji meusi yaliyojaa kwenye fremu, ikadhani ni giza, ikaongeza mwanga, ndege akaungua. Shusha fidia ya mwanga (mpangilio wa kamera unaoifanya picha iwe angavu au nyeusi zaidi) hadi -1, piga, halafu ikuze picha kwenye kioo cha kamera umtazame ndege mgongoni. Kama mistari ya manyoya bado haipo, shusha tena kidogo. (Theluji ni kinyume: pandisha, la sivyo inatoka kijivu.) Ndege akiruka, kasi ya shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) isiwe chini ya 1/1000 ya sekunde.

Na lile daraja ulilosema unataka kulipiga picha misimu yote, simama palepale na utumie lenzi ileile. Usishangae baada ya miezi 6 jua likichomoza kwingine. Huhama hivyo kila mwaka. Ukungu uwinde asubuhi tulivu, hewa ikiwa baridi kuliko maji.

Kichungi cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, mimi ningekivua. Kinaweza kufuta taswira ya daraja majini, na kwa ndege kinakula mwanga unaouhitaji.