Mtafiti akija skuli yenu, asiondoke na picha tu

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya watafiti na skuli zetu, kwa hivyo nayajibu pamoja.

*Nasomesha sayansi Kisauni, skuli yetu haina maabara ya maana. Mtafiti tutamwita aje afanye nini?*

Mwalimu wangu, bahari iko hapo halafu wasema huna maabara? KMFRI, wale wa utafiti wa bahari na samaki, wako Mkomani, hata daraja la Nyali huvuki. Andika barua, usiombe hela wala darubini, omba mtu wa kuja mara tatu nne kwa muhula. Halafu anzeni na maji. Simikeni kijiti kirefu pahali pametulia, kitieni alama kila sentimita 10, watoto waandike maji yamejaa saa ngapi na yamefika wapi, na leo na kesho na kesho kutwa. Wiki haiishi watakuwa washaona wenyewe kwamba kujaa kwachelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvua ikifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua sana. Sasa hapo patamu, manake mara nyingi maji makubwa kabisa hayaji siku ile ile ya mwezi mpevu, huja siku moja au mbili baadaye, na mtoto aliyeona kwenye daftari lake mwenyewe atauliza kwa nini, na hilo ndilo swali la kumtegea mtafiti. Mvuvi yuajua haya yote kwa tarehe za mwezi bila kushika kalamu. Mimi ningemwalika yeye kwanza, mtafiti baadaye, au wote darasa moja tuone nani atamweleza nani.

*Mwanangu kaja na fomu ya utafiti kutoka skuli, wataka tone la damu. Majirani wasema ni mumiani. (Mama, Likoni)*

Dadangu, mumiani tumetishwa naye tangu utoto, lakini wenye hofu siwacheki. Mimi nikiwa darasa la sita walikuja wageni wakatupima urefu na uzani, wakatupanga mstari picha zikapigwa, wakaenda zao, na mpaka leo sijui walikuwa wataka nini. Uvumi huzaliwa hapo. Fomu hiyo maana yake ni kwamba waomba ruhusa yako, kwa hivyo uliza: damu kiasi gani, ya kupima nini, itawekwa wapi, majibu ataleta nani na lini. Una haki ya kukataa, hata katikati ya utafiti, na mtoto asinyimwe kitu kwa hilo. Mtafiti akikujibu kwa kukunja uso, usitie sahihi. Kilifi, KEMRI, wale wa utafiti wa tiba, wako tangu 1989, na wana mpango wa watafiti kuingia madarasani na wanafunzi kutembelea maabara. Waombe skuli iandae safari kama hiyo, wewe nawe uende.

*Niko fomu three, haya mambo yatanisaidia KCSE?*

Kidogo. Ukizoea kupima na kuandika mwenyewe, pepa ya praktiko haikutishi. Mengine soma tu.

*Mimi ni mtafiti. Nilipeleka slaidi 40 skuli moja, watoto wakalala.*

Hata mimi ningelala. Acha projekta nyumbani, ongea Kiswahili, chukua jani la mchu, ule mkoko, ambalo halijaoshwa, wape walilambe (la hori ya Tudor usilete tafadhali, maji ya kule ni machafu), wakikunja uso kwa chumvi waulize imefikaje pale. Watakupa majibu kumi, wengine watasema ni mawimbi. Usiwasahihishe haraka. Mwachie kila mmoja abishane na mwenziwe, ndipo useme mti wanyonya maji ya chumvi ukaitoa chumvi yenyewe kupitia majani. Ukichukua vipimo vyao, rudi muhula ujao uwaonyeshe ulivyovitumia. Na majani yakate mwenyewe, usiwatume watoto matopeni na yunifomu, mama zao watanitafuta mimi.