Mafuta ya bangi kwa mtoto mwenye kifafa: chupa ya shemeji ina nini ndani?

SWALI: Daktari, salamu kutoka Butere. Kijana wangu ana miaka 11, yuko Gredi ya 5, na ana kifafa tangu akiwa na miaka minne. Anameza Epilim ya 200, moja asubuhi na moja jioni, dozi ile ile tangu aanze shule. Juzi kliniki walimpima, ana kilo 30. Bado anaanguka mara mbili au tatu kwa mwezi. Shemeji yangu ameniletea chupa ya mafuta ya bangi aliyonunua Busia kwa shilingi 3,500. Imeandikwa CBD miligramu 1,000, mililita 30. Anasema nimpe matone matano kila jioni, na yakiisha nichemshe majani yenyewe kwa maziwa. Yeye amevuta tangu ujana wake na hana neno. Ni kweli yanatibu? Hayagombani na Epilim? Na polisi wakinikuta nayo?

JIBU: Mama, shemeji hakuyaokota maneno hayo hewani. Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia, lakini ubishi mwingi unazihusu mbili: THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya. CBD imejaribiwa kwa watoto wenye kifafa kwa utaratibu ule ule wa kujaribu dawa nyingine yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata watoto na vijana wenye Dravet, kifafa kikali kinachoanza mtoto akiwa bado mchanga na ambacho mara nyingi hakisikii dawa. Waliopewa CBD walishuka kutoka degedege kama 12 kwa mwezi hadi kama 6. Waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia isiyo na CBD ndani, walitoka 15 wakafika 14, yaani pale pale. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa, kwa ajili ya Dravet na aina nyingine iitwayo Lennox-Gastaut.

Wanaoitetea bangi wakisikia hayo hushangilia, na wanaoipinga huziba masikio. Mimi nikiwa mfamasia nauliza vitu viwili ambavyo huku Kisumu sivisikii kwenye mabishano ya bangi, iwe kwenye matatu au kanisani: ni kiasi gani, na ndani ya chupa kuna nini?

Hebu tuchukue kalamu. Dozi ya utafiti ule ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 30 za kijana wako, hiyo ni miligramu 600 kila siku. Chupa ya shemeji, tukiiamini lebo, ina miligramu 33 hivi kwa kila mililita. Kufikisha 600 angehitaji kunywa mililita 18 kwa siku, na chupa isingemaliza siku mbili. Kwa bei hiyo ya Busia ungetumia zaidi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Hata dozi ndogo ya kuanzia, miligramu 5 kwa kilo, ingeimaliza chupa ndani ya wiki moja.

Sasa hayo matone matano. Mililita moja hutoa kama matone 20, kwa hiyo matano ni robo mililita, miligramu 8 tu. Ni kama sehemu moja kwa sabini ya dozi iliyowasaidia wale watoto. Kijana akikaa mwezi mzima bila kuanguka baada ya matone hayo, nitafurahi nawe, lakini sitayapa mafuta sifa hiyo. Kifafa kina tabia ya kutulia na kurudi chenyewe, na ndiyo maana kila mtaa una shuhuda wa dawa fulani.

Na hapo tumeiamini lebo. Watafiti Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD wakazipima, na matokeo yakatoka 2017: ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC ndani. Huko kuna maabara na mawakili wa kushtaki. Chupa yako imevuka mpaka ndani ya mfuko wa mtu. Inaweza kuwa mafuta ya kupikia yenye harufu, na inaweza kuwa na THC ya kutosha kumlaza mtoto siku nzima.

Habari ya kuchemsha majani kwa maziwa ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Kemikali hizi hazipendi maji, zinapenda mafuta, kwa hiyo maziwa yatazivuta vizuri kabisa. Na bangi inayouzwa mitaani kwetu haikukuzwa kwa ajili ya CBD. Anayeinunua anatafuta stimu, na stimu ni THC. Ukinywesha hakuna anayejua kikombe kimebeba kiasi gani. Tena iliyoliwa au kunywewa huchelewa, nusu saa hadi saa mbili, na hapo ndipo mtu huona haifanyi kazi akaongeza. Mtoto aliyezidiwa hupepesuka, hulala usingizi usioamshika, na wengine pumzi hupungua mpaka wakahitaji mashine. Usijaribu, hata kijiko kimoja.

Kuhusu Epilim: ndiyo, zinagombana, na mahali pa ugomvi ni ini. Epilim peke yake inaweza kulisumbua ini, hasa kwa watoto wadogo. Kwenye tafiti za CBD, vipimo vya damu vilivyoonyesha ini linaumia vilijitokeza zaidi kwa wale waliokuwa wakitumia valproeti, ambayo ndiyo Epilim yako. Kwa hiyo hata daktari anayetoa CBD halisi hupima ini kabla ya kuanza na huendelea kulipima. Kama wapo wasomaji ambao watoto wao wanatumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, wajue CBD huifanya irundikane mwilini, mtoto akawa wa kusinzia tu. Mtoto wako akiwahi kupewa mafuta hayo kisha ukaona macho yana manjano, anatapika, hataki kula au amelegea isivyo kawaida, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ubebe chupa. Usione haya kusema alipewa nini.

Lakini mama, kwenye barua yako kuna jambo lililonishtua kuliko bangi. Epilim 200 mara mbili ni miligramu 400 kwa siku. Gawanya kwa kilo 30, unapata 13 kwa kilo. Kwa kawaida mtoto wa umri wake hufikishwa 20 hadi 30 kwa kilo, pole pole, daktari akiangalia. Alipoanza shule labda alikuwa na kilo 18 au 20, na dozi ile ilimtosha. Ameongeza kilo kumi, na dawa imebaki ya mtoto wa chekechea. Hili naliona mara nyingi dirishani: kadi inajazwa upya, dawa inatolewa, mzani haujaulizwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi kwa kiasi sahihi. Kijana wako bado hajapewa nafasi hiyo, kwa hiyo ni mapema mno kusema dawa za hospitali zimeshindwa.

Usimwongezee wewe mwenyewe, na usimwachishe ghafla ili kujaribu kitu kingine. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua. Likipita dakika tano, huo ni wakati wa kutafuta gari.

Shemeji na afya yake sasa, maana najua utamsomea. Wengi wanaovuta hawapatwi na kichaa, huo ni ukweli. Ila karibu mmoja kwa kila kumi wanaojaribu huishia kuwa watumwa wake, na walioanza wakiwa vijana ni karibu mmoja kwa sita. Utafiti wa miji ya Ulaya na Brazil uliotoka 2019 ulikuta wanaovuta kila siku wana uwezekano mara tatu hivi ya wasiowahi kuvuta wa kuugua akili kwa namna ya kuona na kusikia yasiyokuwepo, na wanaovuta kila siku bangi yenye THC nyingi karibu mara tano. Upande wa pili upo pia: kwa maumivu ya muda mrefu ya watu wazima na kichefuchefu cha dawa za saratani, ushahidi wa faida ni wa kweli. Shemeji ni mtu mzima na ubongo wake ulishakomaa. Wa mtoto wa miaka 11, tena wenye kifafa, bado unajengwa.

Sheria haina ubishi mwingi. Ile ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya ilitaja hadi miaka 10 jela kwa anayekutwa na bangi ya matumizi yake. Marekebisho ya 2022 yalishusha hadi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Mafuta hayamo nje ya sheria hiyo eti kwa sababu si majani, na maneno “ni ya mtoto mgonjwa” utayasema mbele ya hakimu, si mbele ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mlango wa tiba upo, lakini unapita kwa daktari na cheti chake. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alijaribu kuleta mswada wa kuilegeza mwaka 2018, na Wajackoyah akaifanya bangi wimbo wa kampeni yake ya urais 2022. Sheria bado ni ile. Mtu wa Busia atakwambia ng'ambo imeruhusiwa. Sheria ya Uganda ya 2024 inazungumzia kilimo cha tiba chenye leseni, haimhusu mchuuzi wa stendi. Kwa maoni yangu, kumfunga mama kwa chupa kama hii hakumsaidii mtu yeyote, lakini maoni yangu hayatakutoa kituoni.

Kwa hiyo rudi kliniki wiki hii na useme wazi: “Dozi haijabadilishwa tangu akiwa na kilo 20.” Omba vipimo vya ini. Wakipanda dozi ipasavyo na bado anaanguka, omba barua ya rufaa kwenda Kakamega au hapa Kisumu, hospitali ya Jaramogi ambayo wengi bado tunaiita Russia. Huko waulize kuhusu picha ya kichwa, hasa kama mnaishi pahali nguruwe wanazurura na vyoo ni vya shida. Mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mdomoni kwa uchafu, viluwiluwi vyake huweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa, na huku Magharibi tegu huyo yupo.

Nenda na daftari lenye tarehe na saa za kila anapoanguka, na siku alizokosa dawa kwa sababu kituo kiliishiwa. Na akianguka tena, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mtu mwingine arekodi kwa simu kuanzia mwanzo hadi anapozinduka. Dakika moja ya video humwonyesha daktari ni kifafa cha aina gani, na dawa huchaguliwa kwa aina.